Miezi mitano ya taichi chini ya mibuyu ya Mama Ngina

Mimi ni fundi wa kanzu, Mji wa Kale, Mombasa. Huu mwaka wa 31 niko kwenye cherehani, na shingo ilikuwa imekataa kugeuka: mteja akiingia, namtazama kwa kuzungusha mwili mzima. Jirani yangu muuza kahawa ndiye aliyeniambia kuna kijana wa Kisauni aliyesomea China, anafundisha taichi, sanaa ya kupigana ya Kichina ya mwendo wa taratibu, pale bustani ya Mama Ngina ufukweni, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi baada ya swala ya alfajiri. Nilianza Novemba. Wengi wananiuliza kama yale ni mazoezi ya wagonjwa, ndiyo maana naandika.

Si ya wagonjwa. Siku ya kwanza maalim (sote twamwita hivyo, hata tuliomzidi umri) alitusimamisha dakika kumi na tano, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kama umekumbatia mtungi. Hakuna kingine. Kufika dakika ya saba mapaja yanatetemeka, na jasho lanitoka huku upepo wa bahari wanipiga usoni.

Anafundisha mtindo wa ukoo wa Chen, wa kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan. Ule wa polepole mtupu tunaouona kwenye video za wazee bustanini mara nyingi ni wa Yang, nao ulizaliwa na huu: mwanzilishi wake, Yang Luchan, hakuwa mtu wa ukoo wa Chen, ila Chen Changxing, mwalimu wa ukoo huo, alimkubali akamfundisha. Katika huu wa Chen mkono waenda taratibu, taratibu, kisha wafyatuka ghafla, na mguu wapiga chini kwa kishindo. Mzee mmoja wa darasa letu, mtu wa Lamu, alisema ile miguu yamkumbusha kirumbizi, ngoma ya fimbo ya kwao.

Kilichonishika mimi ni uzi. Mzunguko wa mkono, kiuno na goti wao wanauita kukokota hariri. Maalim alieleza: ukiuvuta uzi kutoka kwenye kifukofuko cha nondo kwa pupa, unakatika, ukiulegeza, unajisokota. Basi mimi sikuhitaji maelezo zaidi. Nimedarizi shingo za kanzu kwa mkono tangu nina miaka kumi na mbili, na ule mvuto naujua kwa vidole. Wiki ile ndiyo mwili ulianza kunielewa. Mwezi wa tatu nikageuza shingo kutazama feri bila kufikiri, nikasimama pale pale namshukuru Mungu.

Tukipumzika hutusimulia habari za ukoo ule, na hapo ndipo darasa lake linapita mengine. Bingwa wa ukoo, Chen Fake, alihamia Beijing 1928 akafundisha huko. Kijijini nyuma mambo yakafifia. Mwenzake wa ukoo, Chen Zhaopi, aliporudi 1958, mzee wa miaka 65, alikuta karibu hakuna kijana anayefundishwa, akaanza kuwafundisha yeye. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya China dhidi ya mila za kale, mazoezi yakapigwa vita, naye hakuacha. Alifariki 1972. Katika wale vijana alikuwamo Chen Xiaowang, mjukuu wa Chen Fake, wa kizazi cha 19, aliyeanza na baba yake akiwa na miaka saba. Baadaye akaja kufundisha duniani kote. Mwaka 2020 UNESCO wakaitia taichi kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Siku aliyotusimulia hayo nilirudi nyumbani kimya. Baba alinirithisha sindano, na mimi wanangu wawili sikuwaketisha hata siku moja. Mmoja yuko bandarini, mwingine Doha. Mjukuu wangu wa kike ana miaka tisa. Tangu Januari huja dukani Ijumaa jioni, namshikisha uzi.

Sasa kasoro, maana nalipa. Jumamosi tunafika thelathini, na wa safu ya nyuma hawasahihishwi; mimi nilikunja goti vibaya wiki tatu nzima hadi likavimba. Nilimwambia, akasema, "Samahani, ami, nitagawa makundi mawili." Bado hajagawa. Nendeni Jumanne, watu hawazidi kumi. Na yale mavazi meupe anayouza 3,500 msinunue. Nimeyapindua nikayaangalia kwa jicho la kazi yangu: kitambaa ni poliesta, hakipumui, na kwapani kuna mshono mmoja tu, mtakapofyatua mkono utafumuka. Suruali pana ya pamba na fulana yatosha. Viatu viwe na soli bapa, maana sakafu huteleza kwa umande.

Bei ni 250 kwa siku au 2,000 kwa mwezi, na aliyeishiwa hafukuzwi, nimeshuhudia. Wanawake wapo, nusu ya darasa, wawili wao huvuka kutoka Likoni. Njooni na maji, na kaeni mbele.