Saundi kadi ya kupigia muziki na iPad, hesabu autiputi kwanza

Kama unapiga muziki na iPad kwenye visherehe vya mtaani usinunue saundi kadi, kile kikasha cha nje cha kutolea sauti, kwa kuangalia udogo na bei tu. Ile nyekundu ya Behringer, UCA222, nyepesi, bei haiumi, ukichomeka kwa adapta inasoma yenyewe bila programu, ila ina autiputi (njia za kutolea sauti) 2 tu, kushoto na kulia, kwa hiyo kinachotoka kwenye spika ndo hichohicho kwenye hedifoni, huwezi kusikiliza wimbo unaofuata kabla hujauachia. Wapo wanaotumia waya wa kugawa, spika mono (sauti ya njia moja) na hedifoni mono, mi siupendi kabisa, stereo inakufa.

Traktor Audio 2 ya Native Instruments ndo imetengenezwa kwa kazi hii, autiputi 4, spika kivyake hedifoni kivyake, nayo inaingia mfukoni. Ukiipata ya mtumba hakikisha ni MK2, hiyo ndo ya iPad, na ijaribu na iPad yako palepale kabla hujatoa hela.

Halafu beba habu, kile kigawa USB, yenye tundu la chaji, manake kadi inakula umeme wa iPad, utazimikiwa bi harusi hata keki hajakata.