Diwani moja, faili moja: tathmini ya huduma ya kuandaa vitabu kwa XML mjini Mombasa

Nyumba yetu ya uchapishaji ni ndogo kiasi kwamba mhariri, karani wa stoo na mpeleka vitabu posta ni mtu mmoja, naye ndiye anayeandika haya. Tuko Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu, na tunatoa diwani za mashairi, vitabu vya mapishi na vitabu vidogo vya watoto wa chuoni, yaani madrasa. Safari hii tuliamua kuwapa wengine kazi iliyokuwa ikitushinda, yaani kuandaa diwani moja ili muswada uleule utoe kitabu cha karatasi, kitabu cha kusomea simuni, na taarifa za mauzo ambazo maduka ya ng'ambo huzidai kabla hayajaagiza hata nakala moja. Tulikwenda kwa ofisi ya vijana watatu iliyo ghorofani, karibu na Barabara ya Moi. Jina lao naliacha makusudi, kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamika.

Kwanza niseme tulikotoka. Diwani yetu iliyotangulia ilipangwa na mpiga chapa katika programu yake ya kupangia kurasa, akatuachia faili la PDF. Tulipotaka kutoa toleo la simu miaka minne baadaye, PDF ile haikutufaa kitu. Ilikuwa picha nzuri ya karatasi, lakini mashine haikuweza kujua kwamba mstari ulio katikati ni anwani ya shairi, wala kwamba mstari wenye herufi za mlalo ni kibwagizo. Binti mmoja alikaa wiki tatu akiandika upya kitabu tulichokuwa tumekwisha kukiuza, na akaingiza makosa ambayo hayakuwamo katika chapa ya kwanza.

Lugha za alama zilibuniwa ili kuondoa adha ya namna hiyo. Badala ya kuiambia kompyuta kwamba maneno fulani yawe mazito na yawe na ukubwa wa pointi 14, mwandaaji huyazungushia tegi, yaani majina yaliyo ndani ya mabano ya pembe, yanayosema kwamba haya ni anwani, huu ni ubeti, hili ni jina la mtunzi. Sura ya ukurasa huamuliwa baadaye na mahali pengine, na inaweza kubadilishwa bila kuugusa muswada. Wazo lenyewe si la jana. Charles Goldfarb na wenzake wawili wa kampuni ya IBM walilianza mwaka 1969 wakishughulikia hati za kisheria, likakomaa likawa SGML, ambayo ni kiwango cha kimataifa ISO 8879 cha mwaka 1986, kisha likapunguzwa uzito na kuitwa XML, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998. Historia hii nilisimuliwa ofisini kwao kwa muda wa dakika 20, siku ambayo mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza bei.

Kwa matini ya mashairi walitumia kanuni za TEI, ambazo wataalamu wa fasihi na lugha walianza kuzitunga mwaka 1987 kwa ajili ya maandishi ya aina hii hasa. Katika TEI ubeti hukaa ndani ya tegi iitwayo lg, mshororo hukaa ndani ya tegi iitwayo l, na ipo alama ya peke yake ya kuonyesha kituo katikati ya mshororo. Kwa msomaji wa mashairi yetu jambo hili lina uzito. Shairi la tarbia lina mishororo minne, na kila mshororo una vipande viwili, ukwapi wa mizani minane na utao wa mizani minane, wenye vina vya kati na vya mwisho. Katika programu za kawaida za kuandikia, mgawo huo hushikiliwa na koma pamoja na nafasi chache tupu, na nafasi hizo hupotea mara tu maandishi yanapohamishwa. Ukiuweka kwa alama, mgawo unakuwa sehemu ya matini.

Hata hivyo prufu ya kwanza ilinisononesha. Kijana aliyeshika kazi alikuwa ameweka kila kipande katika tegi ya mshororo, hivyo ubeti wa mishororo minne ukatoka na mistari minane mifupi, na mashairi yote 31 yakasimama kama tenzi zilizokosa kina cha bahari, kile cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti. Nilipomuuliza, "Mwanangu, hili ni shairi au ni utenzi?" alinijibu kwa adabu, "Lakini si mistari minane, maalim?" Nikamhesabia mizani kwa vidole mpaka akaona tofauti. Sikumlaumu sana kwa kutojua arudhi, lakini ofisi inayopokea diwani ingefaa imwoneshe mshairi ukurasa mmoja kabla ya kuweka alama kitabu kizima, na hilo hawakulifanya.

Namna walivyolisahihisha kosa hilo ndiyo iliyonifanya nione thamani ya huduma hii. Kwa kuwa kosa lilikuwa la aina moja kila mahali, hawakuufungua ubeti mmoja mmoja. Waliandika maelekezo mafupi kwa XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML iliyopitishwa mwaka 1999, yakiiagiza kompyuta ichukue vipande viwili viwili ndani ya kila ubeti, ivifanye mshororo mmoja, na kati yake iweke alama ya kituo. Beti zilikuwa 214, na kwa hesabu vipande vilitakiwa kuwa 1,712. Programu iliripoti 1,711. Ubeti mmoja, karibu na mwisho wa diwani, ulikuwa na vipande saba. Nilirudi kwenye daftari la mtunzi nikakuta kipande cha nane kimeandikwa pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyingine, na karani wetu alikuwa amekiruka wakati wa kunakili. Mimi nilikuwa nimeupitia ubeti ule mara tatu bila kushtuka, na mtunzi mwenyewe aliupitia mara moja. Marekebisho yote yalimalizika kabla ya adhuhuri.

Kitabu cha simu kilitoka vizuri. Ni EPUB, ambayo kwa undani ni kifurushi cha ZIP chenye kurasa za XHTML, lugha ya kurasa za wavuti, na orodha ya yaliyomo, na msomaji akikuza herufi katika simu nyembamba, utao hushuka chini ya ukwapi na kusogea ndani kidogo, hivyo jicho bado linauona mshororo. Toleo la karatasi lilitoka katika faili hilohilo, na ninaposahihisha neno moja nalisahihisha mara moja tu.

Upande wa biashara ulikuwa mgumu zaidi, na ugumu wenyewe haukuwa wa kompyuta. Maduka makubwa ya vitabu hupokea taarifa za kitabu kwa ONIX, muundo wa XML unaosimamiwa na shirika la EDItEUR la London, ambao toleo lake la 3.0 lilitolewa mwaka 2009. Ndani yake mambo mengi husemwa kwa misimbo iliyokubaliwa, kwa mfano BC kwa kitabu chenye jalada laini, A01 kwa mtunzi, B01 kwa mhariri, B06 kwa mfasiri, swa kwa lugha ya Kiswahili na KES kwa shilingi ya Kenya. Muuzaji wa Ujerumani hana haja ya kujua maana ya jalada laini, kwa kuwa anaijua BC, nasi hatuna haja ya kumwandikia barua.

Tulikwama katika jina la mtunzi. Fomu ya vijana wale ilikuwa na sehemu mbili, jina la kwanza na jina la ukoo, ilhali mshairi wetu anajulikana kwa jina lake, bin jina la baba yake, bin jina la babu yake, na hana jina la ukoo analolitumia. Fomu ilimgeuza akaorodheshwa kwa jina la babu yake, ambaye alifariki bila kutunga hata ubeti mmoja. Upungufu huo ulikuwa wa fomu, si wa kiwango, maana ONIX ina nafasi ya jina zima kama linavyosomwa na nafasi nyingine ya jina la kupangia orodha. Tulimuuliza mwenyewe wasomaji wamtafute kwa jina gani, akasema kwa jina alilopewa na mamake, na ndivyo tulivyoliandika. Yeyote anayechapisha waandishi wa Pwani na aulize swali hili mapema.

Malalamiko yangu ya pili ni mazito kuliko yale ya mistari minane. Bei ya kitabu katika ONIX huambatana na msimbo unaoeleza aina yake, ambapo 01 ni bei ya rejareja iliyopendekezwa bila kodi na 02 ni bei hiyo pamoja na kodi. Sisi tulitoa bei iliyojumuisha kodi, wao wakaandika 01. Faili lilipitishwa kwenye programu ya kukagua, likasemwa kuwa ni halali kabisa, na kwa kweli lilikuwa halali, kwa sababu skima, yaani kanuni ambazo programu hiyo hukagulia, inaweza kujua kwamba 01 ni msimbo unaoruhusiwa mahali hapo lakini haiwezi kujua tulichokusudia. Kama lingetumwa hivyo, muuzaji angeongeza kodi juu ya kodi. Niliigundua hitilafu hiyo kwa kusoma faili mstari kwa mstari nikiwa na orodha ya misimbo mkononi, kazi ambayo mteja hapaswi kuifanya. Walipolielewa hilo waliongeza hatua katika utaratibu wao: sasa humpelekea mteja ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida unaosema kila msimbo umemaanisha nini, naye hutia sahihi.

Walijaribu pia kutuuzia mfumo wa ankara na oda za ununuzi kwa UBL, kiwango cha hati za biashara cha shirika la OASIS ambacho toleo lake la 2.1 lilikuwa ISO/IEC 19845 mwaka 2015. Nilikataa. Wanunuzi wetu wa Malindi na Lamu huagiza kwa simu na kulipa kwa M-Pesa, na ujumbe uliopangwa kwa ustadi hauna faida iwapo upande wa pili hakuna mashine iliyokubali kuupokea. Wakala wa forodha anayefanya kazi na bandari ya Kilindini ana hoja tofauti, maana meli na makontena yameshazoea kuandikiana kwa mpangilio maalumu tangu enzi za EDIFACT, muundo wa zamani zaidi wa kubadilishana hati za biashara, ambao hautumii hata mabano ya pembe. Kwake msimbo KEMBA ni Mombasa katika kila hati, na hilo linamwokolea muda. Kwa duka la vitabu lenye rafu mbili, daftari la risiti linatosha.

Tulilipa shilingi 34,000 kwa diwani ya kurasa 128, nusu mwanzoni na nusu baada ya prufu ya mwisho, nayo ilichukua wiki tano badala ya tatu tulizoahidiwa. Kwa kitabu cha kuchapwa mara moja na kusahauliwa, bei hiyo ni kubwa. Kwa diwani ambayo tunatarajia kuitoa tena, naiona ya haki, hasa kwa kuwa walitukabidhi mafaili yote ya XML pamoja na maelekezo ya XSLT bila masharti. Makabidhiano hayo yaandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza. Ofisi nyingine niliyoiuliza bei ilitaka ibaki na mafaili na kututoza kila tunapohitaji marekebisho. Yetu niliyafungua nyumbani kwa programu ya bure kabisa ya kuandikia, ile isiyojua hata kupiga mstari, na mashairi yakasomeka kati ya tegi zake.

Limebaki jaribio moja. Tunao utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, vipande vinne katika mstari mmoja kama ilivyo katika miswada mingi ya zamani, na tunataka matini hiyo ikae sambamba na nakala ya herufi za Kirumi. XML inaruhusu kila upande kutajwa lugha na hati yake, sw-Arab kwa upande mmoja na sw-Latn kwa upande mwingine, lakini kuzipanga hati mbili zinazosomwa kutoka pande tofauti katika ukurasa mmoja ni kazi ya mikono iliyozoea. Nimewapelekea beti kumi za kujaribia, nao wameomba wiki mbili, na safari hii wameuliza wenyewe kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi.