Kraven the Hunter: mwindaji aliyekosa wa kumwinda

Filamu hii ilipotoka Desemba 2024 niliiacha ipite. Nilikuwa nimeshalipa kiingilio cha Morbius, filamu nyingine ya Sony kuhusu adui wa Spider-Man, mwaka 2022 na kutoka ukumbini nikiwa nimesinzia mara mbili. Ila wikendi iliyopita mpwa wangu alikuja kulala kwetu, mvua inanyesha, bisi zipo, nikasema haya, leo tuitazame.

Mwanzo ulinifanya nijute kuchelewa. Kraven anaingia kwenye gereza la Urusi kama mfungwa, anang'oa jino kwenye ngozi ya chui milia iliyotandikwa sakafuni, na jino hilo ndilo linalommaliza bosi aliyemfuata. Aaron Taylor-Johnson anatembea kama mtu anayenusa windo. Nikasogeza kiti.

Kisha muvi ikarudi utotoni na kujikalia huko. Baba mkali, Russell Crowe, anawapeleka wanawe kuwinda Ghana. Simba anamrarua mmoja, ndiye Kraven, binti anayeitwa Calypso anamnywesha dawa, damu ya simba imechanganyika na yake, kijana anaamka na nguvu za ajabu. Simba mwenyewe ni wa kompyuta, na anaonekana. Sisi wa nchi iliyojaa simba hatudanganyiki kirahisi hapo.

Ndipo mpwa wangu akauliza: “Mjomba, huyu ni stelingi au ni adui?”

Swali la kibanda umiza hilo, na sikuwa na jibu. Kwenye vitabu vya katuni, Kraven aliyeanza 1964 ni mwindaji mwenye majivuno. Ameshaua kila mnyama, amebakiza kiumbe mmoja wa kumpima: Spider-Man. Anashindwa, anarudi, anashindwa tena, na ile aibu ndiyo inayomtafuna mpaka unamwonea huruma na kumwogopa kwa pamoja. Mtoe Spider-Man, unabaki na jamaa mwenye kifua kipana na hasira za baba yake. Na humu Spider-Man hayumo. Sony wanamiliki haki za kumtengenezea filamu yeye na maadui zake, lakini Spider-Man wa sasa, Tom Holland, anaonekana kwenye hadithi zinazotengenezwa na Marvel. Kwa hiyo hawa maadui wanapewa muvi zao wakigombana na kiti kitupu.

Matokeo yake adui anaogeshwa. Kraven huyu ni rafiki wa wanyama, anaua majangili na wakubwa wa magenge. Akishakuwa mwema, lazima atafutwe mbaya kuliko yeye, basi analetwa Rhino, mtu anayegeuka kifaru akichomoa mrija wa dawa mwilini, na mwingine anayepumbaza watu kwa kuhesabu. Wote wageni, wote wanataka kueleweka ndani ya saa mbili na dakika chache. Sikumchukia hata mmoja wao, na sikumpenda hata mmoja.

Watu wanasema watazamaji wamechoka na mashujaa. Mimi siamini sana. Venom ya 2018 iliingiza zaidi ya dola milioni 850, nayo pia haina Spider-Man. Ila Tom Hardy kabeba mgomvi wake mwilini, kiumbe kutoka anga za mbali anayeitwa Venom. Wanazozana kuhusu chakula, wananuniana, wanapatana. Ugomvi upo. Na The Penguin, ile tamthilia ya 2024 kuhusu adui wa Batman, haina Batman, lakini Colin Farrell hakuogeshwa hata kidogo. Anakuchekesha, unaanza kumwamini, halafu anafanya jambo la mwisho linalokufanya uzime runinga ukae kimya. Kraven ilikusanya dola milioni 60 na kidogo dunia nzima, na kuitengeneza kuligharimu zaidi ya milioni 100.

Mapigano yenyewe si mabaya. Damu ni nyingi, msiwaweke watoto. Lafudhi ya Kirusi ya Crowe nimeipenda, hata sijui kwa nini.

Mwishoni kabisa Kraven anavaa kizibao cha manyoya ya simba, kile tunachokijua kwenye katuni, anajitazama kwenye kioo. Mpwa wangu akakaa wima: “Eeh, sasa ndo anaanza!” Majina yakaanza kupanda.

Nyota mbili kati ya tano. Moja na nusu ni za lile gereza.