Google Patents kwa anayetaka kujua hataza ya chanjo inaisha lini: nyota 4 kati ya 5

Wale mnaobishana kwenye magrupu kila siku hataza ya chanjo fulani (yaani patent, haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa muda fulani) inaisha lini, ingieni Google Patents, tovuti ya Google ya kutafuta hataza, ni bure, hakuna kujisajili, unaandika jina la kampuni na kitu unachotafuta au namba ya hataza kama unayo, basi. Mimi naitumia kufatilia PCV13 ya Pfizer, chanjo ya nimonia, zile sindano ambazo Tanzania mtoto anachomwa wiki ya 6, 10 na 14.

Kizuri kuliko vyote ni zile tarehe zilizopangwa kwa mfuatano pembeni ya ukurasa. Watu wengi wanahesabu miaka 20 toka chanjo ilipoidhinishwa, sasa PCV13 Marekani ilipitishwa 2010 utasikia mtu anakwambia mpaka 2030, hapana jamani! Fungua ombi la hataza la ule mchanganyiko wa aina 13 za bakteria wa nimonia, utaona ombi la awali 2005, alafu la kimataifa likawasilishwa 2006, miaka 20 inahesabiwa kuanzia hiyo 2006, ndo unapata 2026.

Alafu kuna orodha ya nchi, hii usiiruke, maana hataza ni ya nchi kwa nchi. India waliikubali hiyo ya PCV13 2017 pamoja na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) kuipinga. Tanzania kama nchi yenye maendeleo duni hailazimishwi na WTO (Shirika la Biashara Duniani) kulinda hataza za dawa mpaka 2033, sawa, ila itatusaidia nini kama kiwanda cha kutuuzia kiko India na huko mlango umefungwa? Mimi hili linaniuma kwa kweli, ni watoto hawa. Serum Institute, watengenezaji chanjo wa India, ilibidi watoke na yao tofauti, Pneumosil ya aina 10, WHO ikaipitisha Desemba 2019, na kwa nchi zinazosaidiwa na Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo, ikauzwa kama dola 2 kwa dozi.

Nyota moja nimekata kwa sababu tarehe ya kuisha pale ni makadirio tu, wenyewe wameandika hivyo. Mwenye hataza asipolipa ada inakufa mapema, na Marekani ofisi ikichelewesha ombi anaongezewa siku. Na chanjo moja ina hataza kibao, ya mchanganyiko, ya namna ya kutengeneza, usione moja imeisha ukatangaza. Ukitaka uhakika uliza ofisi ya nchi husika, Tanzania Bara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Za korona nenda VaxPaL, kanzidata ya hataza za chanjo ya shirika la Medicines Patent Pool, kule wameshakupangia kwa chanjo na nchi.

Kitu kingine ambacho huwezi kukiona pale ni ujuzi wa kiwandani. Hataza ikiisha mtengenezaji mpya bado anatakiwa ajue namna ya kuitengeneza, afanye majaribio yake mwenyewe na apate vibali, kwaiyo ukiona 2026 usitegemee 2027 PCV13 ya bei chee iwe imeshajaa kliniki.