Kijiko cha kwenye ile tamthilia ya madaktari: nyota tatu... ngoja, mbili

Msimu mzima niliwekewa kwenye flashi, duka moja la movi huku Ngamiani. Tamthilia ya Kimarekani ya madaktari, imetafsiriwa na DJ. Waigizaji na idadi ya vipande mtatafuta wenyewe. Mimi nina neno na kijiko.

Kipande cha nne, au cha tano, binti anaanguka koridoni. Kifafa. Madaktari wawili wanamkandamiza mabega, wa tatu anamchomeka kitu mdomoni, muziki unapanda, na DJ wetu, ambaye hakuulizwa na mtu, anapaza sauti: "Mtieni kijiko huyo, atameza ulimi!" Sebule nzima heee! Jirani yangu, ungo wa mchele mapajani, akatikisa kichwa kama aliyepewa elimu.

Haukupita muda, ilikuwa karibu na mfungo, mtoto wa dada yangu akaanguka uani. Ana kifafa tangu mdogo na dawa anameza, ila siku zile tulizembea. Mimi niko bafuni. Natoka mbio na kanga moja, namkuta jirani kampigia goti kifuani, kijiko cha supu kimezama katikati ya meno. Nikasikia kak! Jino la mbele. La kudumu, si la utoto. Damu hadi kwenye kola ya shati la shule.

Na kliniki tulishaambiwa! Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, msimkandamize, msimtie kitu mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Ulimi umeshikwa chini, utamezwa uende wapi?

Nikarudi dukani nikiwaka. Kijana hata spika za masikioni hakutoa. "Bimkubwa, hiyo movi tu. Ukitaka udaktari nenda kasome." Jino la mtoto limekatika, wewe waniambia movi tu! Shikamoo yenyewe sikuisikia.

Usiku nikachimba kwenye simu. Kumbe wenzao nao ni wale wale. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walikaa wakatazama tamthilia nne za hospitali za Marekani, vipande 327. Wakahesabu mara 59 mtu akipatwa na degedege, na karibu nusu ya huduma ilikuwa ndivyo sivyo: kukandamiza, kuzuia mikono, kutia vitu mdomoni. Na watoa huduma karibu wote ni madaktari na manesi wa humo humo kwenye runinga!

Kule kuupiga shoti ya umeme moyo ambao mashine imeshachora mstari mnyoofu, nimewasamehe. Moyo uliozimika hivyo hauamshwi kwa shoti, lakini mashine ile hapa uani nani anayo? Kijiko kila nyumba kipo.

Kwa hiyo nyota moja. Moja! Ila niseme ukweli wa Mungu, kile kipande cha bibi mwenye kisukari anayeficha kidonda cha mguu asiwasumbue wanawe, nililia mpaka chai ikapoa. Mama yangu mtupu yule. Basi andikeni mbili. Ya DJ ni sifuri.

Msimu wa pili jirani ameshanunua, anakuja leo baada ya isha na flashi yake mkononi. Vijiko nimevifungia kabatini, ufunguo uko kifuani.