Darasa la kuandika yaliyokuumiza, la Jumamosi pale Kijenge, Arusha, nimemaliza wiki nane

Mi ni wakala wa kutuma na kutoa hela, mwaka juzi walikuja jamaa wawili na pikipiki saa moja na nusu usiku wakanipiga risasi ya paja, basi, mengine yako kwenye kauntabuku langu na hilo kauntabuku ndo limenileta hapa.

Bei kwanza maana najua ndo mnataka. Elfu tano kwa siku, unalipa ukifika, ukikosa wiki hudaiwi. Chai ya maziwa ina tangawizi ya kutosha, maandazi ni ya jana, wajirekebishe. Tulikuwa kumi na mmoja, wengine wameachwa, wengine wamefiwa, wa risasi tuko wawili, mimi na babu mmoja alikuwa mlinzi akapigwa akiwa lindoni.

Ticha anaweka simu dakika 15 unaandika bila kunyanyua kalamu, herufi kubwa na nukta hajali, na usipotaka kusomewa hakuna anayekusomea. Alisema wazi njia sio yake, ni ya mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa James Pennebaker, mwaka 1986 yeye na mwenzie walitoa utafiti, waliwaandikisha wanafunzi wa chuo dakika 15 siku nne mfululizo mambo yaliyowaumiza, na wakitoka pale walikuwa wamenyong'onyea kuliko walivyoingia, ila miezi iliyofuata wakawa hawaendi sana zahanati ya chuo kama wenzao. Nisingeambiwa hivyo ningeacha wiki ya kwanza. Siku ile niliandika kurasa mbili nzima za kandambili yangu ya bluu iliyobaki kibandani, mguu mmoja tu, risasi sijaigusa hata neno, nikapanda daladala nikapitiliza mpaka mwisho wa gari, konda ananigusa bega "mama, tumefika".

Risasi yenyewe imekuja wiki ya tano. Mistari sita.

Sasa kero. Ukumbi umepakana na gereji ya pikipiki!! Jumamosi ya tatu ekzosi ikapiga paaa, mimi na babu tuko chini ya meza, chai imemwagikia kurasa zake zote, wengine wanatushangaa. Ticha aliomba radhi sana tu, lakini kuomba radhi sio kuhama.

Wiki mbili za mwisho unaandika kwa ajili ya watu wengine, hapa nilikuwa mbishi. Alitusimulia habari za Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa kule Tucson tarehe 8 Januari 2011 akiwa anaongea na wapiga kura wake, watu 6 walikufa, yeye akapona ila kuongea ikawa shida, maneno anayatafuta moja moja, na 2013 akaanzisha taasisi ya kupigania sheria za silaha. Nikasema ticha, mi sio mbunge, na huku bunduki mpaka uwe na kibali, wale jamaa sidhani kama walikuwa nacho. Akaniuliza, siku ile nini kilikuchelewesha? PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Yaani nilipofikishwa hospitali dada wa mapokezi aliulizia PF3 kabla hajauliza jina, damu inatiririka kwenye siti ya boda.

Basi nikaandika hiyo, mimi na babu. Ukurasa mmoja: bana kidonda na kitambaa usiachie, piga 112, mmoja ampeleke majeruhi mwingine akimbilie kituo cha polisi kuchukua PF3, msisubiriane. Tumetoa kopi tukabandika vijiwe vitatu vya boda. Wiki iliyopita nasubiri usafiri kijana mmoja ananionesha ile karatasi, "mama soma hii, aliyeandika yamemkuta huyu". Nikaisoma mpaka mwisho kama sijawahi kuiona.

Nyota nne. Ya tano nitawapa wakihama pale gereji, na ukienda usikae dirishani.