Mlio wa "pip" ulionifanya niifungue kompyuta bure: uzoefu wangu na UPS ya 650VA

Maoni haya ni ya UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ila itabidi nianze na kompyuta, maana ndiyo niliyoilaumu kwa miezi miwili.

Nimeiunga mwenyewe: Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16, mazabodi, yaani ubao mkuu, ya ASUS. Inakaa chumbani kwangu Tabata, chini ya meza. UPS niliinunua Kariakoo kwa shilingi 150,000 na nimeibana nyuma kabisa, ukutani, mahali ambapo hata ufagio haufiki. Nikitoka kazini nacheza mpira au mbio za magari, kuanzia saa moja jioni hadi saa nne hivi.

Mlio ulianza mwezi wa tatu. Pip. Kimya dakika mbili. Pip, pip. Kimya robo saa. Halafu pip nane mfululizo katikati ya mechi, nikageuza kichwa, nikafungwa bao la kizembe. Gemu haikukwama, kompyuta haikuzima, kwenye skrini hakuna onyo lolote. Kwanza nilidhani ni rimoti ya Luku, maana ile nayo hulia uniti zikikaribia kuisha. Nikaenda kuangalia: uniti 43.

Nikaingia mtandaoni, nikakuta majedwali ya milio ambayo kompyuta hutoa kueleza hitilafu yake. Kwa mazabodi za ASUS, mlio mmoja mrefu na mitatu mifupi maana yake kadi ya picha haionekani. Mmoja mrefu na miwili mifupi, RAM haionekani. Basi nikawa nakaa na daftari kama karani wa kura, nahesabu pip. Hazikulingana na jedwali lolote. Kosa langu nimelielewa baadaye sana: milio ile hutoka wakati kompyuta inawashwa, ikiwa inajikagua kabla Windows haijaamka. Kompyuta iliyokwisha kuwaka na iko katikati ya mechi haikupigii mlio wa kukuambia haioni RAM.

Wakati huo sikulijua hilo, kwa hiyo niliipakata kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Akachomoa RAM, akasugua yale meno ya rangi ya dhahabu kwa raba ya shule, akarudisha. Elfu ishirini. Pale kwake haikulia hata mara moja, imetulia kama mtoto aliyefikishwa kwa daktari. Usiku uleule, pip. Niliporudi akasema pawasaplai imechoka, nitafute nyingine. Mshahara ulikuwa bado, ndicho kilichoniokoa.

Joto nalo nililipima kwa programu ya HWiNFO. Kadi ilifika nyuzi 71 nikiwa nacheza, na kadi hiyo imewekewa kikomo cha nyuzi 93. Hapakuwa na kitu hapo.

Siku moja nikaamua, kama sijui inalilia nini, basi niikate ulimi. Nikafungua ubavu, nikatafuta kile kispika kidogo kinachochomekwa kwenye mazabodi. Hakipo! Pini zake nne zimesimama tupu. Mazabodi nyingi za siku hizi huuzwa bila hicho kispika, na mimi sikuwahi kukiweka. Sasa kompyuta isiyo na mdomo inalia kwa kutumia nini? Nikazima sauti yote ya Windows, nikavua hedifoni, nikasubiri. Pip. Sauti iko chumbani, tena chini, tena nyuma.

Ilibaki UPS. Lakini nilikuwa nimeshaisafisha moyoni tangu mwanzo kwa hoja moja: UPS hulia umeme ukikatika, na umeme haukuwa umekatika. Taa inawaka, feni inazunguka.

Aliyeniondoa kwenye kifungo hicho ni mpwa wangu wa darasa la nne, ambaye hukaa kitandani akiniangalia ninavyofungwa. "Mjomba," akasema, "kwa nini kompyuta yako inalia kila huyo wa mageti akiwasha moto?"

Nikageukia dirisha. Mwanga wa bluu ukamulika ukutani kwa jirani: pip. Ukazima. Ukamulika tena: pip.

Jirani huyo ni fundi wa kuchomelea, alihamia mwezi uleule wa tatu. Mchana anafunga mageti kwa wateja, jioni ndipo anachomelea kazi mpya. Mashine yake ni ile ya kusukwa kienyeji, nzito kama jiwe la kusagia, na sote tuko kwenye waya mmoja kutoka nguzoni. Nikaazima mita, nikachomeka kwenye soketi: volti 221. Akigusisha fimbo ya kuchomelea kwenye chuma, 158. Kibandiko cha UPS yangu kinasema huweza kuuinua umeme hata ukiwa umeshuka kufikia volti 165. Chini ya hapo inahamia kwenye betri, na kila ikihama inalia. Umeme wangu ulikuwa unaanguka na kusimama tena, na mimi nikaona gemu ndiyo tatizo kwa sababu tu muda wake wa kuchomelea na muda wangu wa kucheza ni mmoja.

Sasa nirudi kwenye UPS yenyewe. Kwa miezi miwili imehama na kurudi mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kompyuta haikujizima hata mara moja. Kazi hiyo naipa maksi zote. Ninachoilaumu ni kwamba ina mlio mmoja na taa moja ya kijani kwa kila jambo, na kijitabu chake ni cha Kiingereza kitupu, kurasa nne. Kama ingekuwa na kioo kidogo cha kuonyesha volti, ningemaliza kesi siku ya kwanza. Halafu ile 650VA iliyoandikwa kwa herufi kubwa si wati. Wati zake ni 360, zimeandikwa chini kwa herufi za sisimizi. Kadi yangu peke yake ni wati 170, prosesa 65, ongeza monita na vinginevyo. Inatosha, ila usinunue ya 650VA kama kadi yako ni kubwa kuliko hii.

Betri ndiyo iliyoumia. Mwanzoni umeme ukikatika nilikuwa napata dakika tano za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Baadaye hata mbili hazikufika. Nimebadilisha, ya volti 12 na Ah 7, elfu arobaini na tano. Pia nimeitoa UPS ukutani na kuiweka juu ya stuli ninapoiona.

Kwa jirani nilikwenda na soda mbili. "Kaka, kumbe ni wewe unayenipigia honi kila jioni?" Alicheka, akasema anadunduliza anunue mashine ya inveta, isiyovuta umeme kwa fujo kama hiyo, kwa kuwa hata Luku yake inamtafuna. Hadi hapo atakapoinunua, mechi za mtandaoni nacheza baada ya saa tatu, akishafunga.

Nyota nne kati ya tano. Jana imelia mara tatu tu. Alikuwa anamalizia bawaba.